Tulimcheka Aliyesema "Batu"

Nilipokuwa mwaka wa pili, katika kipindi cha mofolojia, niliitwa mbele kueleza ngeli za nomino. Nilikuwa nimejitayarisha siku tatu. Mifano yangu ilikuwa imepangwa safu mbili, umoja kushoto, wingi kulia. Nikaandika "mtu" ubaoni, nikageuka kuwatazama wenzangu, nikasema: "Wingi wake ni batu."

Ukumbi mzima ulicheka. Hakikuwa kicheko cha uadui, nakiri. Ni kile kicheko cha saa nane mchana, watu wamechoka na joto na wanatafuta cha kuwaamsha. Mmoja kule nyuma akalirudia neno langu kwa sauti ya kuvuta, kama anavyodhani watu wa msituni huzungumza, na kicheko kikapanda tena. Nilijua vizuri kwamba Kiswahili sanifu kinasema "watu". Niliandika hivyo kwenye karatasi niliyoishika mkononi. Ulimi ulikwenda nyumbani kabla yangu, basi. Nilipojaribu kuendelea, sauti ilitoka nyembamba, magoti yakalegea, nikasema "nimemaliza" na hali nilikuwa sijaanza.

Kwa karibu miaka miwili baada ya siku hiyo sikuinuka tena kwa hiari yangu. Kazi za kikundi niliandika mimi, akasoma mwingine. Maswali yangu niliyaandika pembeni mwa daftari, nikamfuata asistanti koridoni baada ya kipindi. Nikisikia mtihani fulani ni wa mdomo, wiki nzima sipati usingizi wa maana.

Siandiki haya ili nipewe pole. Naandika kwa sababu, nilipoanza kuwauliza wenzangu kimya kimya, karibu kila niliyemuuliza alikuwa na "batu" yake. Mmoja alichanganya l na r mbele ya darasa. Mwingine alikosea jinsia ya nomino ya Kifaransa, akaitwa kwa nomino hiyo mwaka mzima. Na yuko mwenzetu ambaye memwari yake imekamilika, imechapwa, imefungwa jalada, na mpaka leo hajaomba siku ya kuitetea. Hana deni la ada wala hana ugomvi na msimamizi wake. Anaogopa tu kusimama mbele ya juri. Miaka yote ya masomo, na pesa ambazo wazazi wamezitoa kwenye mihogo na mafuta ya mawese, zimesimama mlangoni kwa sababu ya dakika chache za kusema.

Rai yangu ni hii: woga huu tumeuweka mahali pasipo pake. Tunamwambia anayetetemeka "jikaze", kana kwamba woga ni mali yake peke yake, aliyokuja nayo kutoka kwao. Mimi naona nusu ya woga iko kwa anayesema, na nusu ya pili imekaa kwenye mabenchi.

Nianze na nusu ya kwanza, maana ipo kweli na haifai kuidharau. Mtu anaposimama mbele za watu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini mwilini. Moyo unapiga mbio, kinywa kinakauka, viganja vinatoa jasho. Ni maandalizi yale yale ambayo mwili hufanya mtu akikutana na nyoka njiani. Mwili hauwezi kutofautisha vizuri nyoka na mwalimu mwenye miwani. Kujiambia "tulia" wakati huo ni kama kumwambia mwenye homa asiwe na joto.

Watafiti wameyapima haya. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambayo ndani yake watu walitakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wamechangamka walifanya vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Sababu yake inaeleweka: kutoka kwenye hofu hadi kwenye uchangamfu ni safari fupi, kwani moyo unapiga mbio katika hali zote mbili, kutoka kwenye hofu hadi kwenye utulivu ni safari ndefu. Kabla yake, mwaka 2003, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba msemaji hudhani hofu yake inaonekana na kila mtu, na kumbe wasikilizaji wanaiona kidogo sana. Tena waliogawiwa habari hiyo kabla ya kuhutubia walihutubia vizuri zaidi. Kujua tu kwamba kifua chako si kioo cha dirisha kunapunguza mzigo.

Nimeyajaribu yote mawili, na yananisaidia. Lakini yanatibu nusu moja. Hakuna pumzi ndefu inayoweza kunizuia nisisikie mtu akirudia neno langu kwa sauti ya kunikejeli.

Hapa ndipo fani yetu wenyewe ina la kusema, na nashangaa tunavyoisoma bila kuivaa. Mwaka 1966 William Labov alichapisha utafiti wake wa Kiingereza cha New York. Aliwapa watu orodha ya maneno, kila neno na matamshi mawili, akawauliza mambo mawili: lipi ni sahihi, na wewe mwenyewe hutamka lipi? Pengo kati ya jibu la kwanza na la pili ndilo alilolihesabu kuwa kipimo cha wasiwasi wa lugha. Na waliokuwa na pengo kubwa kabisa hawakuwa watu wa chini kabisa. Walikuwa wale wa tabaka la kati la chini, wanaopanda ngazi, wenye jicho moja juu na jicho moja nyuma. Nani anafanana nao kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu?

Hebu tujipime. Mtoto wa Opala anazaliwa katika Lombole. Sokoni na kanisani anakutana na Lingala. Shuleni anafundishwa Kifaransa na mwalimu ambaye naye anakipigania. Akija Kisangani, anafikia upande wa Lubunga, anavuka mto, na kufika Makiso anakuta mji unaomsemesha Kiswahili. Kisha anajiandikisha katika Lugha za Kiafrika, na huko anaambiwa kwamba hata Kiswahili alichojifunza mjini, cha sokoni na cha toleka, si chenyewe. Chenyewe kiko mbali, upande wa bahari. Lugha nne, tano, na katika kila moja kuna mtu anayesubiri ateleze. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake walipoeleza woga wa darasa la lugha ya kigeni, walitaja mambo matatu: hofu ya kuwasiliana, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Walikuwa wakisema juu ya lugha ya kigeni. Sisi tumefanikiwa kuyapata yote matatu katika lugha tunazonunulia samaki.

Na turudi kwa ile "batu", kwani nina deni nayo. Kila aliyepita katika kozi ya isimu linganishi ya Kibantu anajua kwamba kiambishi cha ngeli ya pili kinachorejeshwa kwa Kibantu Mame ni *ba-. Lingala inasema "bato". "Wa-" ya pwani ndiyo iliyobadilika, b ikalegea ikawa w. Sidai kwamba "batu" ya Kisangani imehifadhiwa mzima mzima tangu zama hizo. Yaelekea zaidi ilirudi kwa njia ya lugha jirani, Kiswahili kilipokaa miongoni mwa watu ambao midomo yao ina ba- tangu utotoni. Lakini kwa vyovyote vile, ni umbo lenye asili, lenye kanuni, linalotumiwa na mamilioni ya watu mashariki mwa nchi yetu. Siku ile ukumbi wa wanaisimu ulicheka kitu ambacho kazi yake ni kukieleza.

Tukumbuke pia tarehe. Kiswahili kilipanda mpaka kwenye maporomoko haya pamoja na misafara ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alipewa ugavana wa Stanley Falls. Kamati ya lugha iliyosimamia usanifishaji kwa msingi wa Kiunguja iliundwa mwaka 1930, kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kingwana kilikuwa kimesemwa hapa zaidi ya miaka 40, na Kongo haikuwa na kiti katika kamati ile. Sisemi tuutupe usanifu. Makala hii yenyewe nimeiandika kwa Kiswahili sanifu, na sijutii. Tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tutauhitaji zaidi. Nasema tu kwamba mtu anayejifunza nguo mpya asivuliwe ya zamani mbele ya umati.

Likizo iliyopita nilikwenda Opala. Nilikuta matanga katika ukoo wa mama. Siku ya tatu, mjomba wangu, noko kama tunavyomwita, alinigusa bega akaniambia nisimame nitoe shukrani kwa niaba ya vijana. Kwa Lombole. Nilitamani ardhi inifunike. Lombole yangu ina kutu. Miaka ya mjini imeila. Moyo ulipiga vile vile ulivyopiga ubaoni.

Nilisimama. Nilipotamka sentensi ya kwanza, wazee waliitikia. Nilipotua, waliitikia tena, na mwitikio wao ukanipa muda wa kutafuta sentensi ya pili. Katikati neno likanipotea kabisa. Noko, bila kuinua kichwa, akalitamka kwa sauti ya chini, kama fundi anavyompokeza mwenzake nyundo, nami nikalipokea nikaendelea. Hakuna aliyecheka. Si kwamba hawakusikia makosa. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunachambua majani ya pondu, koko aliniambia: lile neno ulilolisema kwa ajili ya wageni, sisi hulisema hivi. Akalirudia mara mbili. Nikalirudia. Ndivyo lilivyokwisha, na sitalisahau tena.

Nilirudi Kisangani nikijiuliza kwa nini mwili ule ule, wenye hofu ile ile, uliweza kusimama kule na kuanguka huku. Jibu langu ni kwamba kule sikuwa peke yangu. Wasikilizaji walikuwa na kazi, na kazi yao haikuwa kunikagua.

Hili si jambo la Opala tu. Mwaka 1956, Daniel Biebuyck alirekodi utendi wa Mwindo kwa Wanyanga wa Kivu, ambao yeye na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Msimulizi, Shekarisi Rureke, aliutoa kwa siku kumi na mbili, akiimba, akisimulia, akicheza. Tunapousoma maktabani tunaona jina moja la msimulizi. Lakini alikuwa na vijana wa kumpigia na kuitikia, na watazamaji walioshangilia na kumtunza. Waswahili wa pwani wana methali yake: mcheza kwao hutunzwa. Swali langu kwa kitivo ni hili: mwanafunzi anaposimama katika kumbi zetu, je, yuko kwao?

Tazameni pia ngoma za majirani zetu Walokele, ambazo John Carrington wa Yakusu alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ngoma hutoa toni za maneno tu, na maneno mengi yana toni zinazofanana. Kwa hiyo mpigaji halitaji jambo kwa neno moja. Anaongeza fungu zima la maneno yaliyozoeleka, mpaka msikilizaji wa mbali ajue ni lipi linalosemwa. Kazi ya mafungu hayo ni kuondoa utata. Ila mimi naona yana faida ya pili: mpigaji anapopiga fungu ambalo mikono yake inalijua tangu ujana, akili yake inapata nafasi ya kuandaa linalofuata. Wazee wetu katika baraza nao huanza kwa maneno ya desturi, salamu, majina ya waliopo, shukrani. Sisi vijana tunayaona ni kupoteza wakati. Si kupoteza wakati. Ni daraja ambalo msemaji hulivuka huku moyo wake ukipoa. Shuleni tulifundishwa kuanza na "utatuzi wa suala" moja kwa moja, tukaliondoa daraja, kisha tukashangaa watu wanatumbukia mtoni.

Na kama mtu ataniambia hayo ni mambo ya vijijini, nitamwonyesha mji huu huu. Patrice Lumumba alifika hapa, wakati huo Stanleyville, mwaka 1944, akafanya kazi ya ukarani wa posta. Hakuwa na shahada. Kifaransa alikisoma kwa bidii yake mwenyewe, usiku, kwa vitabu. Aliishi katika utawala uliompima Mwafrika kama anafaa kuitwa mstaarabu, na cheti chenyewe alikipata mwaka 1954 baada ya kukataliwa kwanza. Kabla ya dunia kumsikia tarehe 30 Juni 1960, alikuwa ameongoza vyama hapa mjini, cha wafanyakazi wa posta na cha walioitwa "évolués", akifungua mikutano, akisoma ripoti, akijibu hoja za wanachama. Sijui kama aliwahi kutetemeka, na haidhuru. Ninachokiona ni kwamba hotuba ile haikuanzia Ikulu. Ilianzia katika vyumba vidogo, mbele ya watu wachache waliomfahamu, kwa miaka mingi. Nasi tunataka mwanafunzi aruke kutoka kimya cha miaka yote moja kwa moja mpaka mbele ya juri.

Najua pingamizi litakalokuja, na nimelisikia kwa mwalimu ninayemheshimu. Anasema: dunia inacheka. Mtangazaji wa redio akikosea, mji mzima utamcheka. Mkalimani mahakamani akikosea, mtu anaweza kufungwa. Kitivo kikimlea mwanafunzi kwa pamba, kitamtoa dhaifu. Tena, makosa yasiposahihishwa, tutabaki na lugha gani?

Sehemu ya hoja hii naikubali. Makosa yasahihishwe, na kwa ukali inapobidi. Lakini kusahihisha na kucheka si kitu kimoja. Kusahihishwa kunanifanya nijue. Kuchekwa kunanifanya ninyamaze, na anayenyamaza hasahihishwi tena. Miaka miwili niliyokaa kimya hakuna aliyesahihisha hata silabi yangu moja. Ndiyo iliyokuwa miaka yangu dhaifu. Na kuhusu dunia inayocheka: mtoto wa mtoni hufundishwa kuogelea kwenye maji ya kina kifupi, si kwa sababu mto hauna kina, bali kwa sababu unacho.

Basi napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wizara.

La kwanza, wasilisho la mwanafunzi lisikatizwe kwa ajili ya makosa ya lugha. Anayesikiliza aandike, na dakika tano za mwisho ziwe za masahihisho, kila kosa na kanuni yake. Kama kosa ni umbo la Kiswahili cha kwetu, lielezwe hivyo: huku tunasema hivi, sanifu inasema vile, na sababu ni hii. Huko pia ni kufundisha isimu.

La pili, tuanze kidogo. Mwaka wa kwanza, kila mmoja aseme dakika mbili mbele ya watu watano, si mbele ya ukumbi mzima. Mwaka wa pili, dakika tano mbele ya kumi na watano. Akifika kwenye memwari, kusimama kuwe kumeshakuwa desturi.

La tatu, ni gumu kidogo. Turuhusiwe kuwasilisha angalau kazi moja kila mwaka katika lugha tunayoitafiti. Tunaandika kwa Kifaransa juu ya Lombole, Lokele, Kiswahili na Lingala. Tunazitetea kwa Kifaransa. Na siku ya kutetea, shangazi aliyekuja kutoka kijijini na kuku wa sherehe anakaa nyuma, hajui kama mtoto wake anasifiwa au anagombezwa. Sisemi Kifaransa kiondolewe. Nasema mtu aliyekwisha kujisikia akisema vizuri katika lugha moja anabeba uti wa mgongo huo kwenda kwenye lugha nyingine.

Lililobaki si la kitivo, ni letu sisi tunaokaa kwenye mabenchi. Mwenzako akikwama, usimtazame mwenzio pembeni. Kama neno unalijua, mpokeze. Kama hulijui, tikisa kichwa, aone kwamba bado mko pamoja. Mimi mwenyewe nimewahi kucheka. Mwaka wa kwanza, kabla ya "batu" yangu, kuna aliyechanganya ngeli mbele yetu nami nikacheka na wengine, nikifurahi kwamba si mimi. Nadhani wengi tunaocheka tunacheka kwa sababu hiyo.

Memwari yangu inahusu maneno ya kufungulia mazungumzo katika mabaraza ya Wambole. Nitaitetea kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Kabla ya hapo, kila Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, nitakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba, nikiieleza kwa dakika kumi kwa yeyote atakayekuja, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa. Nimemwomba yule mwenzetu mwenye jalada lililofungwa aje na lake pia. Hajasema ndiyo. Amesema atakuja kusikiliza. Wengine mnaokuja, njooni na kalamu, na masahihisho yenu mtatupa mwishoni.